Chama kisichochanga pesa: hapa kila mtu huleta picha moja

Hebu chukua simu yako sasa hivi uzitazame picha zilizomo. Bila shaka utaona harusi ya binamu yako, ubatizo wa mtoto wa jirani, mazishi kule mashambani, na wewe mwenyewe ukiwa umeegemea gari ambalo si lako. Sasa tafuta picha ya mti ulio langoni pako. Tafuta ya yule ndege anayekuamsha kila alfajiri. Huenda usiione hata moja.

Usione haya. Wengi wetu tu hivyo. Twapita chini ya mti ule ule miaka kumi, na siku ukikatwa twajiuliza, "Hapa palikuwa na nini?"

Leo nataka nikusimulie kuhusu chama ambacho mimi ni mwanachama wake. Chama unakijua. Akina mama wa mtaani hukutana, wakachanga pesa, wakampa mmoja wao, na mwezi ujao zamu ni ya mwingine. Chetu ni kama hicho, ila sisi hatuchangi pesa. Kila mtu huleta picha moja, na picha zote lazima zihusu mada moja tuliyokubaliana mwezi uliotangulia. Mada zenyewe ni za maumbile: mvua, mbegu, mizizi, nyayo, usiku, maji.

Tuko wanane. Kuna muuguzi, kondakta wa matatu, mwalimu wa shule ya msingi, mama anayeuza mboga sokoni na mzee aliyekuwa karani wa reli kabla ya kustaafu. Hakuna hata mmoja wetu aliyesomea kazi ya kupiga picha. Wengi hutumia simu za kawaida. Mzee peke yake ndiye aliye na kamera, tena ya zamani, ambayo siku hizi huileta kama pambo.

Kwa nini mada moja?

Swali hili nililiuliza siku ya kwanza. Nilidhani ingefaa kila mtu alete picha aipendayo. Mwalimu alinijibu kwamba darasani, ukiwaambia watoto waandike insha juu ya lolote, nusu yao hukaa wakitafuna kalamu. Ukiwaambia waandike juu ya jogoo, kila mmoja huwa na jogoo wake.

Nilikuja kuliamini neno hilo mwezi ambao mada ilikuwa "Mvua". Mama wa mboga alileta tone moja la maji lililokaa juu ya jani la sukuma wiki, limeviringana kama shanga. Kondakta alileta upinde wa mvua juu ya steji, matatu zote chini yake zikiwa zimekwama. Mwalimu alileta kumbikumbi wakizunguka taa ya shule. Muuguzi, aliyekuwa ametoka zamu ya usiku, alileta konokono akipanda ukuta wa zahanati. Mvua ilikuwa moja, tena ya wiki ile ile, lakini kila mtu alinyeshewa na yake.

Hapo ndipo utamu wa jambo hili ulipo, msomaji. Macho hayana pazia, walisema wahenga, lakini huzoea. Mada humfanya mtu atazame upya kitu alichokizoea. Mwezi wa "Mizizi" nilijikwaa mara tatu barabarani kwa sababu nilikuwa nikitazama chini.

Jambo hili si geni

Usije ukadhani kwamba kupenda maumbile ni mambo ya watalii waliovaa kofia pana. Hapa Kenya kuna chama cha wapenzi wa viumbe na mimea kilichoanzishwa mwaka 1909, ambacho leo hujulikana kwa jina la Nature Kenya. Bi Fleur Ng'weno alianza kuongoza matembezi ya kutazama ndege jijini Nairobi mwaka 1971, na matembezi hayo ya Jumatano asubuhi yaliendelea kwa miongo mingi. Waliohudhuria walikuwa watu wa kila aina, na wengi walijifunza kutofautisha ndege mmoja na mwingine kwa kutembea tu na wenzao. Ni elimu yenye faida, maana nchi yetu ina zaidi ya aina 1,000 za ndege.

Kamera nazo zilianza kuingia mikononi mwa watu wa kawaida zamani. Mnamo mwaka 1900 kampuni ya Kodak ya Marekani ilitoa kamera ndogo iitwayo Brownie iliyouzwa kwa dola moja tu. Hata hivyo, filamu zilikuwa ghali. Wewe uliyezaliwa zamani kidogo unakumbuka filamu ya picha 36. Kila picha ilihesabiwa, na nani angethubutu kupoteza moja kwa ajili ya kipepeo ilhali shangazi bado hajapigwa? Kisha filamu ilipelekwa studio, na huko ungeweza kuambiwa kwamba nusu yake imeungua.

Siku hizi simu imeondoa gharama hiyo. Lakini imeleta ugonjwa mwingine. Mtu hupiga picha mia tano kwa siku na hatazami hata moja. Katika chama chetu twaruhusiwa kuleta moja tu. Kuchagua hiyo moja ndiyo kazi, na ndiyo shule.

Picha ni shahidi

Pengine utasema haya ni mambo ya kupitisha wakati. La hasha. Tazama Mlima Kenya. Mwaka 1899 msafara ulioongozwa na Mwingereza Halford Mackinder ulifika kileleni Batian, na picha zikapigwa huko juu. Leo wanasayansi hulinganisha picha za kale na za miaka ya karibuni, na mtu yeyote mwenye macho huona jinsi barafu ilivyopungua. Barafu ya Lewis, iliyokuwa kubwa kuliko zote mlimani, imesalia vipande. Waliopiga picha zile hawakujua kwamba walikuwa wakiweka ushahidi.

Tazama pia maziwa ya Bonde la Ufa. Kuanzia mwaka 2010 hivi, maji ya Naivasha, Nakuru, Bogoria na Baringo yalianza kupanda, na kufikia mwaka 2020 yalikuwa yamemeza nyumba, shule, mashamba na barabara. Ziwa Nakuru, lililokuwa likisifika kwa heroe, wale ndege wa rangi ya waridi, maji yake yalipungua chumvi. Mimea midogo ya majini ambayo ndiyo chakula cha heroe ikapungua, nao ndege wakahamia kwingine. Mkazi aliyekuwa na picha ya familia iliyopigwa ufuoni miaka ya nyuma alikuwa na kipimo cha jinsi ziwa lilivyosogea. Angeweza kuonyesha kidole na kusema, "Tulisimama hapa."

Nasi tulipata shahidi wetu. Mwezi ambao mada ilikuwa "Maji", yule mzee wa reli hakupiga picha mpya. Alitoa bahasha mfukoni, na ndani mlikuwa na picha nyeusi na nyeupe ya mwaka 1974. Ilimwonyesha mkewe, ambaye sasa ni marehemu, akiwa kijana ameketi juu ya jiwe kubwa katika kijito kinachopita nyuma ya mtaa wetu. Miguu yake ilikuwa majini, na maji yalikuwa maangavu hata vikokoto vya chini vilionekana.

Kwa bahati, kondakta naye alikuwa amekwenda kijitoni. Yeye hakujua lolote kuhusu bahasha hiyo. Picha yake ilionyesha maji meusi, chupa za plastiki, kiatu kimoja, na katikati jiwe lililozama nusu kwenye takataka.

Mzee aliziweka picha hizo mbili kando kwa kando. Akazitazama kwa muda. Kisha akasema, "Jiwe ni lile lile."

Hakuna aliyepata la kuongeza. Chai ilipoa.

Kosa langu

Sasa nikuungamie jambo, msomaji, ili usije ukalirudia.

Mada ilikuwa "Usiku". Nilizunguka siku nyingi bila kupata kitu, mpaka jioni moja nilipomwona bundi akitoka katika tundu la mkuyu mkuukuu. Nilirudi kesho yake nikasimama mbali, nikangoja. Ndani mlikuwa na makinda. Nilipiga picha kwa mwanga wa magharibi uliosalia, bila flashi, na nathubutu kusema kwamba ndiyo picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga.

Furaha ilinizidi. Nilimwonyesha kila mtu. Kibandani ninapokunywa chai niliipitisha mkono kwa mkono, na kila aliyeuliza "Ni wapi?" nilimweleza: mkuyu ule wa kona, tundu la upande wa mashariki.

Wajua jinsi bundi anavyoogopwa kwetu. Akilia juu ya paa, watu hungoja msiba. Wiki iliyofuata nilipopita nilikuta tundu limezibwa kwa matambara, na gome la mti limeungua mpaka juu. Sikumwona aliyefanya hivyo, wala sikuuliza. Ulimi wangu ndio uliomwonyesha njia. Miezi iliyofuata mama wa mboga alilalamika kwamba panya wamezidi katika ghala lake, nami nikanyamaza, maana bundi ndiye aliyekuwa akiwala.

Siku ya mkutano sikutaka kuitoa picha ile. Muuguzi alisema niitoe na niseme yote. Nikafanya hivyo. Tangu siku hiyo tuna sheria: kiota, pango, tundu au maficho ya mnyama yeyote hayatajwi mahali yalipo, hata kwa wenzetu. Tunaandika "karibu na mto" au "kaunti fulani", basi.

Ikiwa wadhani twapita kiasi, mkumbuke kifaru. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Kenya ilikadiriwa kuwa na vifaru weusi wapatao 20,000. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 walikuwa wamesalia chini ya 400, wengine wote wakiwa wameangamizwa, hasa na majangili. Simu nyingi za siku hizi zinaweza kuandika ndani ya picha yenyewe mahali ilipopigwa. Ukipiga picha ya mnyama adimu mbugani, zima huduma hiyo, na usitangaze mahali wala saa. Jangili naye ana simu.

Jinsi ya kuanzisha chama chako

Je, ungependa kujaribu? Huhitaji mtaji. Haya ndiyo tuliyojifunza.

Kwanza, msiwe wengi. Watu sita hadi kumi watosha. Wakizidi hapo, kuna watakaokuja kula mandazi tu.

Pili, chagueni mada iliyo karibu. Mada ya "Simba" itawashinda wasio na nauli ya kwenda mbugani. Mada ya "Mdudu mmoja" haimshindi yeyote, hata anayeishi ghorofa ya tano. Ukikosa mada, fuata kalenda. Februari 2 ni siku ya ardhi oevu duniani, Machi 21 ni siku ya misitu, Machi 22 ni ya maji na Juni 5 ni ya mazingira. Mvua za masika zikianza, tazameni vinavyochipuka. Oktoba, mijakaranda ya Nairobi inapomwaga maua yake ya zambarau, ulizaneni ni nani aliyejua kwamba mti huo asili yake ni Amerika Kusini. Na kuanzia mwezi huo hadi Aprili, mbayuwayu wanaokimbia baridi ya Ulaya huwa wageni wetu.

Tatu, picha iwe moja, na iandikwe tarehe na eneo. Picha isiyo na tarehe ni kama barua isiyo na sahihi. Kama mzee wetu hangeandika "1974" nyuma ya picha ile, tungebaki tukikisia.

Nne, mwenye picha asimulie, na wengine waulize. Msishindane wala msipeane nafasi ya kwanza. Tulijaribu kutoa zawadi mwezi mmoja, na mwezi uliofuata watu wawili hawakuja.

Tano, picha ni mali ya aliyeipiga, na sheria ya nchi inamlinda. Usiichukue ya mwenzako ukaipeleka kwingine bila ruhusa. Na ikiwa uso wa mtu unaonekana, mwulize mwenyewe kwanza.

Mahali pa kwenda hapakosekani. Ukiwa Nairobi kuna Bustani ya Arboretum iliyoanzishwa mwaka 1907, na Msitu wa Karura, ule uliopiganiwa na marehemu Profesa Wangari Maathai na wenzake mwishoni mwa miaka ya 1990. Ukiwa Mombasa una mikoko ya Tudor na ile mifukwe ambayo kaa hawamwogopi mtu. Kisumu kuna ufuo wa Dunga, na Kakamega kuna msitu unaojulikana kote duniani. Ukiwa na shamba, wewe umekwisha fika.

Mambo madogo ya kamera

Amka mapema. Katika nchi yetu iliyo kwenye ikweta, jua la adhuhuri husimama utosini na kuzifanya picha ziwe kavu. Saa kumi na mbili na nusu hadi saa tatu asubuhi, au baada ya saa kumi jioni, mwanga huja kwa upande na kuonyesha manyoya, mishipa ya majani na umande.

Futa kioo cha lenzi kwa kitambaa laini. Simu iliyokaa mfukoni na funguo na pesa za sarafu haiwezi kuona vyema.

Inama. Konokono aliyepigwa picha na mtu aliyesimama ni doa tu. Piga magoti uwe sawa na jicho lake.

Usivute picha kwa vidole ili kitu kionekane kikubwa, maana ubora hupungua. Sogea wewe, polepole, na mnyama akianza kukutazama sana, hapo umefika. Rudi nyuma hatua moja.

Juu ya yote, usikate matawi ili kiota kionekane. Majani yale ni paa la makinda. Ukiyaondoa, jua litawachoma, na kunguru atawaona kama ulivyowaona wewe. Hakuna picha yenye thamani ya kifaranga.

Kwa wazazi

Mtoto ukimwambia aache simu, atanuna. Ukimwambia alete picha tano za majani yasiyofanana kabla ya chakula cha mchana, hutamwona tena nyumbani. Mwalimu wetu alifanya hivyo na wanafunzi wake, wakitumia simu yake moja kwa zamu. Mmoja wao, mtoto aliyekuwa hasemi darasani, alieleza kwa dakika kumi jinsi chungu wanavyombeba nzi aliyekufa.

Nanyi akina baba, ambao Jumapili huipitisha mkiwa nyuma ya gazeti, tokeni na watoto. Nusu saa yatosha. Siku moja watazikuta picha hizo, na watakumbuka ni nani aliyekuwa ameshika tawi lisiwazibe.

Huenda ungependa kujua yaliyofuata baada ya picha zile mbili za kijito. Wiki iliyofuata kondakta alifika kijitoni na koleo, akamkuta mzee tayari yuko pale na gunia. Hawakuwa wameagana. Sasa twaenda sote, Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi. Sitakudanganya kwamba maji yamerudi kuwa maangavu. Uchafu hutoka juu, mahali ambapo mikono yetu minane haifiki, na kila mvua huleta chupa nyingine. Tumekwisha peleka nakala za picha zile kwa wakubwa wanaohusika, na twangoja jibu.

Lakini jiwe limetoka kwenye takataka. Mwezi jana mzee alivua viatu, akaketi juu yake, na kumwomba kondakta ampige picha. Miguu hakuitia majini. Alisema atangoja.

Nyuma ya picha hiyo aliandika tarehe. Je, wewe mtaani kwako jiwe lako ni lipi? Mada ya mwezi huu ichague mwenyewe.